Jinsi ya kuiga mchemko wa maji kwenye vifereji vidogo vya kizalishaji mvuke

Kizalishaji mvuke tunachokizungumzia hapa ni kile cha mabamba. Mabamba membamba ya chuma cha pua huchongwa vifereji kwa kemikali, hupangwa moja juu ya jingine, kisha hugandanishwa kwa joto na mgandamizo hadi yawe bonge moja lisilo na gasketi wala bomba ndani yake. Bamba moja hupitisha maji ya moto yenye shinikizo kubwa, linalofuata hupitisha maji yanayochemka, na hivyo hivyo hadi juu. Kazi ya uigaji ni kujibu maswali manne: kifereji kiwe na urefu gani, ukuta utafika joto gani, shinikizo litapotea kiasi gani, na je, mtiririko utatulia au utayumba?

Unahitaji Python, maktaba ya CoolProp (inayotoa sifa za maji na mvuke) na kompyuta ya kawaida. Kifereji kimoja cha moto na kimoja cha baridi vinatosha kuwakilisha bonge zima, mradi maji yamegawanyika sawasawa. Hilo la kugawanyika sawasawa tutalirudia, maana ndipo mambo huharibika.

Wengi hutumia wiki nzima wakibishana ni fomula ipi ya mchemko iliyo bora. Kwenye vifereji vya namna hii fomula ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Kinachoamua urefu wa kifereji ni mahali ukuta unapokauka, na namba za hapa chini zinaonyesha kwa kiasi gani.

Mfano wetu

Kifereji ni nusu duara chenye kipenyo cha mm 2. Eneo lake ni πD²/8, yaani mm² 1.571. Mzingo unaoloa ni mm 5.142, kwa hiyo kipenyo cha haidroli ni mm 1.222. Hapa watu hukosea mara nyingi: huingiza mm 2 moja kwa moja kwenye namba ya Reynolds (inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa msukosuko), na kila kitu kinachofuata kinapinda.

Upande wa baridi: maji ya kulisha yanaingia yakiwa na 200 °C kwa shinikizo la MPa 7, na mvuke unatoka na 300 °C. Mtiririko wa tungamo, G, ni kg 200 kwa mita ya mraba kwa sekunde. Upande wa moto: maji ya MPa 15.5 yanaingia na 325 °C, G ni 1800, kifereji ni cha umbo lile lile, na mtiririko unaelekea kinyume na ule wa baridi. Ukuta kati yao tunauchukulia kuwa na unene wa mm 1, na upitishaji joto wa chuma cha pua kwenye halijoto hizi ni karibu 18 W/mK.

Kwa MPa 7 maji huchemka kwenye 285.8 °C. Enthalpi, yaani nishati ya joto inayobebwa na kila kilo, ya maji yaliyofika kiwango cha kuchemka ni 1267 kJ/kg na ya mvuke ni 2773. Densiti ni 740 kwa maji na 36.5 kwa mvuke. Mvutano wa uso ni karibu 0.0176 N/m, na mnato wa maji ni karibu 91 × 10⁻⁶ Pa·s.

Je, kifereji hiki kweli ni "kidogo"? Usijibu kwa macho. Piga hesabu ya √(σ/(gΔρ)), σ ikiwa mvutano wa uso na Δρ tofauti ya densiti, ambayo hapa inatoa mm 1.6, kisha igawe kwa kipenyo cha haidroli. Unapata 1.31. Watafiti Kew na Cornwell walipendekeza mpaka uwe 0.5: juu ya hapo kiputo hakina nafasi ya kukua kikiwa huru, kinajaza kifereji na kujinyoosha. Kwa hiyo tumo ndani ya eneo la vifereji vidogo, na mwelekeo wa bonge, limesimama au limelala, hauna uzito mkubwa kwa uhamishaji joto.

Anza na karatasi, si msimbo

Kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, hakikisha joto linatosha. Tungamo linalopita upande wa baridi ni 200 × 1.571 × 10⁻⁶, yaani 3.14 × 10⁻⁴ kg/s. Upande wa moto ni 2.83 × 10⁻³ kg/s. Kuchemsha na kupasha mvuke hadi 300 °C (enthalpi karibu 2840) kunahitaji W 494. Kupasha maji kutoka 200 °C hadi kiwango cha kuchemka kunahitaji W 130.

Sasa toa W 494 kwenye upande wa moto kuanzia mwingilio. Enthalpi ya maji ya moto inashuka kwa karibu 175 kJ/kg, na halijoto inafika takriban 295 °C pale ambapo upande wa pili ndiyo kwanza unaanza kuchemka. Pengo hapo ni nyuzi 9 tu. Hapo ndipo penye mbano, na mbano ndio unaotawala muundo wote.

Ukipunguza maji ya moto hadi G 1500, huku ukiacha mengine yote, pengo linabaki nyuzi tatu hivi. Ukiongeza G ya baridi hadi 400 bila kugusa upande wa moto, maji ya moto yangelazimika kushuka chini ya 286 °C kabla mchemko haujaanza. Hilo haliwezekani, lakini msimbo hautakwambia "haiwezekani". Utakupa urefu hasi, au utazunguka bila kufika popote, nawe utaanza kutafuta kosa kwenye fomula isiyo na kosa. Uwiano wa karibu kilo tisa za maji ya moto kwa kilo moja ya mvuke ni wa kawaida kwa halijoto kama hizi. Ukiona uwiano wako ni watatu, rudi kwenye karatasi.

Sifa za maji

CoolProp hupokea na kutoa vipimo vya SI: Pa, K, J/kg. Mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, usiombe sifa kwa shinikizo na halijoto karibu na mstari wa kuchemka. Kwa MPa 7 na 285.8 °C, P na T hazitoshi kusema kama una maji au mvuke, na maktaba itagoma. Tumia shinikizo na enthalpi kila mahali. Enthalpi ndiyo kigezo cha kuendeshea msimbo wote, kwa sababu inapanda bila kukatika kutoka maji baridi hadi mvuke mkavu.

Pili, usiombe joto mahususi ndani ya eneo la mchanganyiko wa maji na mvuke. Halina maana hapo. Kwa fomula za mchemko unahitaji sifa za maji yaliyofika kiwango cha kuchemka (Q = 0) na za mvuke wake (Q = 1), basi.

Tatu, kila wito wa maktaba unachukua muda. Kwa kuwa shinikizo hapa halibadiliki sana, ita sifa za Q = 0 na Q = 1 mara moja mwanzoni na uzihifadhi.

Fomula ya mchemko

Tunatumia fomula ya Kandlikar, katika sura aliyoipanua pamoja na Balasubramanian mwaka 2004 kwa ajili ya vifereji vidogo. Imechaguliwa kwa sababu ya kiutendaji: inahitaji joto kwa mita ya mraba, q, wala haihitaji halijoto ya ukuta ndani ya fomula, kwa hiyo mzunguko wa kukokotoa unatulia haraka. Fomula ya Chen ya mwaka 1966 ni nzuri kwa mabomba makubwa, ila inachukulia kwamba maji yanatiririka kwa msukosuko. Kwenye kifereji chetu, hata maji yakiwa yenyewe bila mvuke, namba ya Reynolds ni 2680 tu. Mvuke ukifika asilimia 20 kwa tungamo, Reynolds ya maji yaliyobaki inashuka hadi karibu 2140, na dhana ya msukosuko imekwisha.

Hatua ya kwanza ni koefisienti ya uhamishaji joto kama vile mtiririko wote ungekuwa maji. Tuiite α_LO. Herufi h tumeiachia enthalpi. Kutumia h kwa vyote viwili kwenye msimbo mmoja ni kujitafutia balaa. Kanuni ni hii: Reynolds ikizidi 3000 tumia fomula ya Gnielinski ya mtiririko wa msukosuko, ikiwa chini ya 1600 tumia namba ya Nusselt (koefisienti ya uhamishaji joto isiyo na vipimo) ya mtiririko tulivu, ambayo kwa nusu duara ni 4.089, katikati chora mstari ulionyooka kati ya ncha hizo mbili. Kwa Reynolds 3000 Gnielinski inatoa Nusselt karibu 10.8. Kwa 2680 mstari unatupa 9.27, na α_LO inakuwa karibu 4.33 kW/m²K.

Hatua ya pili ni mchemko wenyewe:

```
from CoolProp.CoolProp import PropsSI

P = 7e6
G = 200.0
hf = PropsSI('H','P',P,'Q',0,'Water')
hg = PropsSI('H','P',P,'Q',1,'Water')
rf = PropsSI('D','P',P,'Q',0,'Water')
rg = PropsSI('D','P',P,'Q',1,'Water')

def alfa_mchemko(x, q, alfa_LO):
    Bo = q/(G*(hg - hf))
    Cv = ((1 - x)/x)**0.8 * (rg/rf)**0.5
    m = (1 - x)**0.8 * alfa_LO
    viputo = (0.6683*Cv**-0.2 + 1058*Bo**0.7)*m
    mkondo = (1.136*Cv**-0.9 + 667.2*Bo**0.7)*m
    return max(viputo, mkondo)
```

Hapa x ni sehemu ya mvuke kwa tungamo, Bo ni namba ya mchemko na Cv ni namba ya mkondo. Kwa maji, kizidishi cha aina ya kimiminika ni 1, ndiyo maana hakionekani. Usipeleke x = 0 kwenye kitendakazi hiki, utagawanya kwa sifuri; chukua x ya katikati ya kila kipande.

Jaribu kitendakazi chako kabla ya kuendelea. Kwa x = 0.3, q = 120 000 na alfa_LO = 4330, matokeo yawe karibu 16 900 W/m²K, na mihimili miwili, viputo na mkondo, ikaribiane sana. Kwa x = 0.7 na q = 215 000, mkondo unashinda kwa mbali na kutoa karibu 20 300. Ukipata namba tofauti kabisa, angalia kama umeweka q kwa kW badala ya W. Ndilo kosa la kwanza kulitafuta.

Sasa jumlisha ukinzani wa joto pale x = 0.3. Upande wa mchemko ni 5.9 × 10⁻⁵, ukuta 5.6 × 10⁻⁵, upande wa moto karibu 3.2 × 10⁻⁵ m²K/W. Jumla ni 14.7 × 10⁻⁵, na U, yaani koefisienti ya jumla ya uhamishaji joto, inakuwa karibu 6.8 kW/m²K. Maji ya moto hapo yana takriban 304 °C, pengo ni nyuzi 18, na q inarudi karibu 120 kW/m². Ukianza na makisio ya 100 000, mzunguko unafika hapo kwa hatua chache (t ni unene wa ukuta, k ni upitishaji joto wake):

```
q = 1e5
for _ in range(30):
    R = 1/alfa_moto + t/k + 1/alfa_mchemko(x, q, alfa_LO)
    q_mpya = (T_moto - T_mchemko)/R
    if abs(q_mpya - q) < 1:
        break
    q = q_mpya
```

Tazama mgawanyo huo wa ukinzani. Mchemko ni asilimia 40 tu ya jumla. Kama fomula imekosea na α ya kweli iko chini kwa asilimia 30, U inashuka kwa asilimia 15 hivi. Ni kosa, lakini si la kukosesha usingizi.

Kipande kwa kipande

Kwa kazi ya usanifu usigawe urefu, gawa enthalpi. Chukua tofauti ya enthalpi kati ya 855 (maji ya 200 °C) na 2840 kJ/kg, igawe vipande 100, kisha kwa kila kipande tafuta q na piga hesabu ya urefu wake:

ΔL = ṁΔh / (q × mzingo)

Halijoto ya moto kwenye kila kipande inatoka kwenye mizania ya joto, kwa hiyo huna cha kubahatisha. Maji ya moto yanatoka kwenye bonge yakiwa na karibu 286 °C. Jumlisha ΔL zote, umepata urefu.

Kabla ya kufika kiwango cha kuchemka, tumia Nusselt ya maji peke yake, na kumbuka kwamba maji ya 200 °C yana mnato mkubwa zaidi: Reynolds kwenye mwingilio ni karibu 1800 tu. Viputo huanza kutokea ukutani kabla maji hayajafika kiwango cha kuchemka, na kupuuza jambo hilo kunarefusha kifereji kwa sentimita chache. Kwa makadirio ya kwanza ni hasara inayovumilika.

Rudia kwa vipande 200 na 400. Urefu ukibadilika kwa zaidi ya nusu asilimia, ongeza. Hakikisha mpaka wa kipande unaangukia kwenye x = 0, kwenye x ya kukauka, na kwenye x = 1. Usipofanya hivyo, kipande kimoja kitapanda juu ya mpaka, nusu kikichemka na nusu kikiwa kimekauka, na urefu utaruka huku na huko kila unapobadilisha idadi ya vipande. Watu hulaumu fomula, kumbe ni gridi.

Ukitaka kinyume, yaani urefu umetolewa na unatafuta mvuke utatoka na joto gani, itabidi ubahatishe halijoto ya maji ya moto yanakotoka, utembee hadi mwisho wa kifereji, ulinganishe na 325 °C, kisha urekebishe. Kitendakazi cha brentq kwenye SciPy kinafaa. Mpe mipaka ya makisio iliyo salama, kwa sababu kisio la chini mno litafanya maji "ya moto" yawe baridi kuliko yale yanayochemka. Kwa kazi hii, lainisha badiliko la α kwenye eneo la kukauka kwa upana wa x wa 0.05, ukiliacha likiwa kama ngazi, brentq itaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kukauka kwa ukuta

Mvuke unapoongezeka, maji hubaki kama utando mwembamba ukutani huku mvuke ukikimbia katikati. Kuna mahali utando unapasuka na ukuta unagusana na mvuke wenye matone tu. Kuanzia hapo koefisienti inaanguka.

Baada ya kukauka, njia rahisi ni ya Dougall na Rohsenow: tumia Nu = 0.023 Re⁰·⁸ Pr⁰·⁴ kwa sifa za mvuke, ambapo Re = (GD/μ_g) × [x + (ρ_g/ρ_f)(1 − x)]. Inachukulia kwamba mvuke na matone vina halijoto moja. Kwa kweli mvuke hujipasha kabla matone hayajaisha, kwa hiyo fomula hii huelekea kukuza α kidogo. Kwa mfano wetu, x ikikaribia 1, α inakuwa katika eneo la 2.8 kW/m²K, na U inashuka kutoka zaidi ya 7 hadi karibu 2.2.

Iangalie x = 0.7 kwa karibu. Muda mfupi kabla ya kukauka, q ni karibu 215 kW/m² na ukuta upande wa mchemko una takriban 296 °C. Ukishakauka, q inaanguka hadi karibu 53 na ukuta unapanda hadi takriban 310 °C. Nyuzi 14 za tofauti ndani ya milimita chache za chuma. Upitishaji joto kwa urefu wa chuma hulainisha ngazi hiyo kidogo. Kwa kifereji kizima ni kitu kidogo mno, lakini hapa pana uzito, hasa ukipiga hesabu ya uchovu wa chuma. Mahali pa kukauka pakienda mbele na kurudi nyuma, chuma hicho kinapanda na kushuka nyuzi 14 kila mara.

Sasa ile hesabu ya urefu. Kukauka kukitokea kwenye x = 0.7, mgawanyo ni takriban: kupasha maji m 0.28, kuchemka m 0.57, baada ya kukauka m 0.4, kupasha mvuke m 0.06. Jumla ni karibu m 1.3. Kukauka kukitokea kwenye x = 0.9, jumla ni karibu m 1.1. Kwenye x = 0.5, ni karibu m 1.6. Linganisha na lile kosa la asilimia 30 kwenye fomula ya mchemko: linaongeza sentimita kumi hivi.

Kwa hiyo usitoe urefu mmoja. Toa angalau tatu, kwa x ya kukauka ya 0.5, 0.7 na 0.9, na uamue ni ipi utakayojengea. Kim na Mudawar walichapisha mwaka 2013 fomula ya kukadiria x ya kukauka kwa vifereji vidogo, na inafaa kama mwanzo. Ila angalia mipaka ya data. Majaribio mengi ya vifereji vidogo yalifanywa kwa gesi za majokofu kama R134a, au kwa maji yenye shinikizo karibu na la hewa. Maji ya MPa 7 yana uwiano wa densiti wa 20 kati ya maji na mvuke. Kwa shinikizo la hewa uwiano unazidi 1600. Kutoka kule kuja huku ni mwendo mrefu, na fomula haitakupigia kelele ukivuka mpaka wake.

Chumvi pia hukaa papo hapo. Kila kilichoyeyuka kwenye maji ya kulisha hubaki ukutani pale tone la mwisho linapokauka, na kifereji cha milimita moja hakisafishwi kwa brashi. Weka tabaka la uchafu kwenye uigaji: mikromita 20 zenye upitishaji wa 1 W/mK zinaongeza ukinzani wa 2 × 10⁻⁵, na zinakula asilimia 6 hadi 7 ya eneo la kifereji. Kwenye bomba la mm 20 unene huo huo usingepunguza hata asilimia moja ya eneo.

CFD ya nini basi?

CFD ni uigaji wa mtiririko wenyewe kwa kuugawa seli ndogo ndogo. Kwa kifereji kizima, achana nayo. Utando wa maji kati ya kiputo kirefu na ukuta, kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, una unene wa takriban mikromita 22 (δ/R = 1.34 Ca^⅔, Ca ikiwa mnato × kasi ÷ mvutano wa uso, pamoja na sahihisho la Aussillous na Quéré). Unahitaji seli tano hivi ndani ya utando huo, yaani seli za mikromita 4. Kwa urefu wa m 1.3 hizo ni zaidi ya seli laki tatu kwa urefu peke yake, kabla hujagusa upana, ukibaki na seli za mraba. CFD inafaa kwa milimita 5 hadi 10 za kifereji: kuona kiputo kimoja kinavyokua, au athari ya kona ya nusu duara, ambako utando hubaki mnene huku upande bapa ukikauka mapema.

Ukitumia modeli ya Lee kwa mvukizo, koefisienti yake si sifa ya maji. Ni kisukumo cha namba. Ongeza hadi halijoto ya mpaka wa maji na mvuke ibaki ndani ya nyuzi 1 au 2 za kiwango cha kuchemka. Ukipita hapo hesabu italipuka. Na usiamini picha nzuri ya viputo kabla hujathibitisha kwamba joto lililoingia ukutani linalingana na mvuke uliotoka.

Shinikizo, na mtiririko unaoyumba

Kwa msuguano wa mchanganyiko tumia njia ya Lockhart na Martinelli, φ² = 1 + C/X + 1/X², ambapo φ² huzidisha upotevu wa maji yakiwa peke yake na X² ni uwiano wa upotevu huo kwa ule wa mvuke ukiwa peke yake, lakini si na C ya 20 ya mabomba makubwa. Mishima na Hibiki wanatoa C = 21(1 − e^(−0.319D)) kwa vifereji visivyo vya duara, D ikiwa kwa milimita. Kwetu C ni 6.8. Tofauti si ndogo: kwa x = 0.5 unapata karibu kPa 11 kwa mita badala ya 24. Ongeza shinikizo linalotumika kuharakisha mtiririko, G²(1/ρ_g − 1/ρ_f), ambalo hapa ni kPa 1 tu. Kifereji kizima kinapoteza karibu kPa 10.

Kwa MPa 7, kPa 10 zinabadilisha kiwango cha kuchemka kwa sehemu ya kumi ya nyuzi, kwa hiyo kushikilia shinikizo moja kwenye hesabu ya joto ni sawa. Usihamishe mazoea hayo kwenye kifaa cha bar 1. Densiti ya mvuke hapo ni 0.59, na G ile ile ya 200 ingedai mvuke ukimbie mita 339 kwa sekunde. Kabla ya kufika huko shinikizo limeshabadilika kiasi kwamba kiwango cha kuchemka cha mwanzo na cha mwisho wa kifereji si kimoja tena, na lazima shinikizo lisasishwe kila kipande.

Vifereji ni maelfu, vyote vinaanzia kwenye chumba kimoja na kuishia kingine, kwa hiyo vyote vinaona tofauti moja ya shinikizo. Endesha msimbo wako kwa G kuanzia 80 hadi 500, halijoto na mtiririko wa upande wa moto ukiwa ule ule, na chora upotevu wa shinikizo dhidi ya G. Mkunjo ukipanda wote, afadhali. Ukiwa na sehemu inayoshuka, tofauti moja ya shinikizo inaruhusu G mbili au tatu tofauti: baadhi ya vifereji vitachukua maji mengi na kutoa mchanganyiko mbichi, vingine vitakosa maji na kukauka mapema. Huo ni uyumbaji wa Ledinegg. Mizania ya bonge zima itaonekana safi kabisa huku ndani pakiwa hapaelewani.

Dawa ni kubana mwingilio, ambako bado kuna maji matupu, maana upotevu wa hapo hupanda kwa mraba wa G bila kujali mvuke. Kwa mfano wetu, tundu la mm 0.4 lenye koefisienti ya mtiririko ya 0.6 linaongeza karibu kPa 10, sawa na upotevu wa kifereji chenyewe. Tundu dogo hivyo huziba kwa chembe moja ya kutu, kwa hiyo wasanifu wengi hupendelea kuchonga sehemu ya mwanzo ya kifereji iwe nyembamba na ndefu badala ya tundu moja, na kuweka kichujio kabla ya chumba cha kugawia maji. Kwenye msimbo ni kipande kimoja cha ziada mwanzoni, chenye eneo lake na mzingo wake.

Ukishakiweka, chora mkunjo upya kwa mzigo kamili, kisha kwa asilimia 30 ya mzigo. Sehemu inayoshuka hupenda kujificha kwenye mzigo mdogo, na huko ndiko kifaa kinakopita kila kinapowashwa.